Siku Niliyosema Maua Yametoka

Mwezi wa Desemba uliopita tulikuwa tunarudi kutoka Bahi kikazi, watu wanne ndani ya gari la ofisi, na tulipokaribia Zuzu dereva akaegesha pembeni ili akague tairi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Binti mmoja tunayefanya naye kazi, mzaliwa wa pwani, mgeni kabisa wa Dodoma, akaruka chini huku akipiga kelele kama mtoto.

"Jamani, njooni muone! Nani kapanda maua huku porini?"

Hakuna aliyeyapanda. Yalikuwa meupe, mapana kama kikombe cha chai, kila jani la ua limepigwa mstari wa rangi ya waridi katikati, nayo yamesimama kwa mamia juu ya udongo mwekundu ambao wiki moja nyuma ulikuwa mtupu kama sakafu. Akapiga picha mpaka akachoka. Akachuma moja, akanipitishia dirishani. "Dada, wewe si mwenyeji huku? Yanaitwaje haya?"

Nikamwambia sijui. Nikalishika lile ua hadi mjini, na wenzangu wakadhani nimelipenda.

Kwako sina sababu ya kuficha. Ua lile nalijua kuliko ninavyoyajua majina ya wanangu. Nilikuwa na miaka tisa nilipofundishwa kulitazama, na nilikuwa na miaka hiyohiyo tisa nilipolisemea uongo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni za manukato na viberiti vya kutoka nje, huku wazazi wetu wakipunguzwa kazini. Baba alikuwa fundi kwenye karakana moja kule Kizota. Karakana ikapata mwenyewe mpya, mwenyewe mpya akataka watu wachache, na baba hakuwa miongoni mwa wachache hao. Tulikuwa tumepanga chumba Nkuhungu. Mama akachukua wadogo zangu wawili akaenda kwao Mpwapwa, baba akabaki mjini kubangaiza, na mimi nikapelekwa kwa Bibi mzaa baba, ng'ambo ya Zuzu, na mfuko wa rambo wenye sketi ya shule na kandambili.

Bibi hakuwa bibi wa kukupakata. Vikope vilikuwa vimemla macho yote mawili, yamebaki meupe kama ute wa yai lililochemshwa, na nadhani hasira ya jambo hilo aliimalizia kwa yeyote aliyekuwa karibu. Alikuwa na mkono mrefu mkavu ambao ulijua kukutafuta gizani mwake mpaka ukupate sikio. Uji ukiungua, alisikia harufu kabla mimi sijauona, na mwiko ulishuka mgongoni. "Baba yako kanitupia mzigo," alikuwa akisema, si kwa kunong'ona, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Usiku nililala nikimchukia. Asubuhi nikaamka nikamshika mkono, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu: kuwa macho yake.

Na hapa lazima niwe mkweli, kwamba kazi hiyo niliipenda. Tulitembea sana mimi na Bibi. Tulikwenda kisimani kwenye mchanga wa korongo, kwa mganga wa meno, kwenye misiba, mashambani. Alishika fimbo mkono mmoja na bega langu mkono mwingine, na kila baada ya hatua kadhaa aliuliza, "Kuna nini?" Hakutaka jibu la "hakuna kitu". Nikisema hakuna kitu, vidole vilibana bega. Basi nikajifunza kuona. Nilimwambia juu ya vimaua vya buluu vinavyofumba jua likipanda, juu ya vya njano vinavyotambaa chini kando ya njia ya mbuzi, juu ya miiba inayotoa maua kabla ya majani. Alikuwa akitikisa kichwa, na mara nyingine alisimama kabisa. "Vya njano vimefika mpaka wapi? Mpaka kwenye jiwe, au vimepita jiwe?" Mtoto wa mjini niliyekuwa naona majani tu, ndani ya msimu mmoja nikawa naona kila kitu kinachotoka ardhini, na siku kilipotoka.

Mwezi wa kumi na moja, mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa Bahi na kunguru wakawa wanapiga kelele tangu alfajiri, Bibi alinikalisha kwenye ngozi nje ya tembe akanieleza juu ya maua mawili.

La kwanza ni jekundu, la mviringo kama mpira wa matambara, linachomoza bila jani hata moja. "Hilo ni mropokaji," akasema. "Mvua ikitema mate tu, lenyewe limeshatoka. Usiniletee habari zake." La pili ni jeupe. Kiazi chake kimelala chini sana, hakiamki mpaka maji yamefika kule chini. Likitoka lile, ndipo unaingiza mbegu. Maua hayo yalikuwa sehemu moja tu karibu nasi, kwenye mbuga nyuma ya tuta la reli, mwendo wa saa nzima kwa miguu yangu, mahali ambapo watu hawakuwa na shughuli napo. Zamani alikwenda mwenyewe kuyatazama. Sasa angenituma mimi. "Na usiyachume," akanionya. "Mbegu haijaingia ardhini, ua halichumwi."

Mwaka uliotangulia, kabla sijafika, alikuwa amepelekwa na jirani, wakapanda siku aliyosema, wakavuna. Jirani huyo alikuwa mama wa watoto watano, shamba lake limepakana na la Bibi. Mumewe alikuwa amekwenda Mererani kuchimba vito na hakuwa ameleta hata salamu. Mama yule alimwamini Bibi kuliko redio.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi, kubwa, ya kelele, ikabomoa kona ya paa letu. Ijumaa Bibi akanichapa kwa sababu nilimwaga unga kidogo nilipokuwa nauhamisha usilowe. Alinichapa na kunitukana, akasema mama yangu ananuka uvivu na mimi nimeurithi. Jioni hiyo jirani akaja kusema kwamba kesho anakwenda mnadani na binti zake wawili, siku hizi inakuja mitumba ya kumwaga chini, na kama Bibi ataruhusu, na mimi niende.

"Akishakwenda kuangalia maua," Bibi akajibu.

Jumamosi nilitoka jua halijachomoza. Njia ilikuwa tope, miiba imelainika lakini bado inachoma, na nilikuwa nimevaa kandambili zilizokatika nikazifunga kwa kamba ya katani. Nilipofika kwenye kichuguu kikubwa, ambacho ni nusu ya njia, nikaliona la kwanza jekundu, halafu la pili, halafu yakawa kila mahali, mazuri mno, kama makaa yaliyomwagwa. Meupe hayakuwepo, wala pale yasingekuwepo. Ilibidi nivuke korongo, nipande tuta, nishuke upande wa pili. Nikasimama. Nikawafikiria binti za jirani wamekwishaoga, wamepaka mafuta, wananisubiri. Nikaufikiria mwiko. Na likanijia wazo ambalo mpaka leo nakumbuka utamu wake, kwamba yule mwanamke mkali hawezi kujua lolote nisilomwambia.

Nikageuka.

Bibi alikuwa mlangoni. "Kuna nini?"

"Yametoka," nikasema.

"Yapi?"

"Meupe."

"Mangapi?"

"Mengi, Bibi. Mpaka kwenye reli."

"Mbona mapema hivi?" Alikuwa anajiuliza mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono. "Ungeniletea hata moja nishike."

"Ulisema yasichumwe."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. "Kweli, nilisema," akajibu, na akaniwekea kiganja kichwani, kizito na cha moto. "Macho yangu haya. Haya, nenda mnadani."

Mnadani nilishika gauni la kijani lenye vifungo vyeupe, nikaambiwa niliache. Nililishika tena. Nilisikia harufu ya nyama ya mbuzi kwenye mkaa, nikaona saa za mkononi zimepangwa juu ya turubai kama dagaa. Jirani alininunulia andazi. Alinunua maandazi matatu, akawapa binti zake moja moja na mimi moja, yeye hakula. Wakati wa kurudi, tumejipanga mstari njiani, akaniuliza bila kugeuka nyuma, "Kweli umeyaona meupe?"

"Nimeyaona, mama."

"Basi Jumatatu tunaingia."

Wakapanda Jumatatu na Jumanne. Bibi alipanda mbegu yote aliyokuwa nayo, mtama na uwele, kwa sababu kwa ua jeupe hubakizi kitu. Jirani naye vilevile. Zamani, walisema, mbegu ikiharibika ungeweza kwenda duka la ushirika ukajaribu bahati, lakini duka hilo lilikuwa limefungwa, mlango wake umepigwa mbao, na mbegu zilikuwa zinaletwa na wachuuzi wenye pikapu waliojitajia bei wanayotaka. Mimi nilikuwa natangulia na kibuyu, nadondosha mbegu kwenye vishimo, na Bibi anakuja nyuma yangu anafukia kwa unyayo. Alikuwa anaimba kwa Kigogo, polepole, sauti ya mtu anayejisahau. Kila kishimo ningeweza kusema. Nilihesabu mpaka nikapoteza hesabu. Kila nikitaka kufungua mdomo, unyayo wake ulikuwa umekwishafukia.

Mvua haikurudi. Wiki ya kwanza mimea ikachomoza, laini, ya kijani ya kung'aa, na kijiji kizima kikaja kuitazama kwa wivu. Wiki ya pili ikajikunja. Wiki ya tatu ukipita shambani ulisikia inavunjika chini ya miguu. Majirani wengine, waliokuwa wamengoja, walikaa kwenye vivuli vyao wakitazama upande wetu, na wapo waliocheka. "Kipofu kasoma maua," mzee mmoja alisema tukipita, na Bibi alisikia, nikaona shingo yake ikikaza.

Mvua ya kweli ilianza wiki ya tano, ya pole, ya kutwa nzima. Siku ya tatu yake nilikuwa natwanga, Bibi yuko kando anachambua majani ya mlenda, na jirani akaingia uani. Alikuwa amekwenda kumtafuta mbuzi aliyepotea, akavuka reli. Mkononi alikuwa na ua jeupe. Bado lina maji.

Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja, akaliweka kwenye mapaja ya Bibi. "Haya ndiyo kwanza yanatoka, Bibi. Leo. Mengine bado yamefumba."

Bibi akalipapasa. Vidole vyake vilifuata kila jani la ua, vikashuka kwenye kikonyo. Mchi ulikuwa umesimama mikononi mwangu, sikuweza kuushusha wala kuuinua.

"Mtoto aliniambia sawasawa," hatimaye akasema. "Aliniambia mekundu. Masikio nayo yamezeeka. Mimi ndiye niliyekosea."

Jirani akanitazama. Nikatazama kinu.

Usiniulize kwa nini sikusema. Nilingoja kipigo. Nilikitamani hata, siku zile. Hakikuja. Bibi hakunigusa tena, si kwa mwiko wala kwa kiganja. Aliacha pia kushika bega langu. Alitembea na fimbo peke yake, na nilipomfuata nyuma nikimwambia, "Bibi, mbele kuna jiwe," alikanyaga palepale nilipomwambia asikanyage. Nilimwona akianguka mara mbili kwa namna hiyo. Aliinuka, akajikung'uta, akaendelea. Neno "Kuna nini?" sikulisikia tena kutoka mdomoni mwake, na njia zote zikawa kimya. Pande zote mbili maua yalikuwa yamejaa, mwaka ule yalichanua kupita kiasi, nami nilikuwa nayaona yote na sina wa kumwambia.

Mbuzi wake wawili walikwenda kwa mchuuzi, wakarudi wamekuwa debe moja la mbegu ya mtama, iliyopandwa kwa kuchelewa ikazaa suke moja moja. Tulikula ubuyu, tukala mlenda bila ugali, tukala ugali wa pumba unaokwaruza koo. Kule kwa jirani kulikuwa na midomo mingi zaidi. Maziwa yalimkauka. Kitindamimba wake, mtoto wa kiume aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta, alifariki mwezi wa tatu. Walisema ni surua. Surua ilikuwepo kweli mwaka ule, watoto wengine waliugua wakapona. Neno hilo nimelishikilia miaka yote hii, na nikikuambia kwamba limewahi kunisaidia nitakuwa nimekudanganya na wewe.

Siku ya mazishi, Bibi alimwita binti mkubwa wa jirani aje amshike mkono. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Mwezi wa sita baba akaja na baiskeli ya kuazima. Alikuwa amepata kibarua cha kufyatua matofali na chumba kingine Nkuhungu, mama anarudi. Alipokuwa anafunga mfuko wangu kwenye keria, Bibi akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Desemba. Nikasogea.

"Siku ile uliishia wapi?"

Sikujifanya sielewi. "Kwenye kichuguu, Bibi."

"Nusu ya njia."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya nilipomweleza maua ya njano yamefika kwenye jiwe. "Mwambie baba yako asikulete tena," akasema, akageuka, akaupapasa ukuta mpaka akaupata mlango.

Sikumwambia baba. Lakini kila alipotaka kunipeleka kusalimia nilijifanya mgonjwa, na nilikuwa darasa la sita habari zilipokuja kwamba Bibi amefariki. Nikajifanya mgonjwa siku hiyo pia.

Baada ya safari ya Bahi sikupata usingizi mzuri. Wiki mbili zilipopita nikapanda gari peke yangu, na kilo mbili za sukari na doti ya khanga, nikaenda kumtafuta jirani. Nilimkuta hai. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya bati ya kijana wake, anapepeta choroko, mwembamba, macho yake mazima kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

Nikamtajia. Ungo haukusimama. Nikakaa chini kwenye vumbi, kwa mavazi yangu ya ofisi, nikamweleza yote kuanzia kwenye kandambili mpaka kwenye kichuguu. Kuku walikuwa wanadonoa karibu na miguu yangu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Bibi yako alinieleza hayo siku nilipotoka kuzika. Alikuja kwa kupapasa, akakaa hapo chini ulipokaa, akaniomba nimtukane yeye, wewe nikuache kwa kuwa u mtoto. Nikamtukana. Nikamtukana mpaka alipokufa, kila nikimwona. Alikuwa hajibu." Akapuliza makapi. "Nikasema, huyu mwingine atakua, atakuja. Nilikutunzia maneno mengi. Sasa umekuja yamenitoka, hata siyakumbuki."

Nikamwambia naomba unisamehe. Akaniuliza nitarudi kwa gari gani, maana la saa tisa huwa linajaa. Akapokea sukari, akasema wajukuu wapo. Khanga akanirudishia mkononi, imekunjwa vilevile.

Nilipoinuka nikamwomba anionyeshe kaburi la Bibi. Akaelekeza kwa kidevu. Upande ule ulikuwa umepimwa viwanja, mawe ya mipaka yamepakwa rangi, nyumba za tofali za saruji zimejipanga mpaka lilipokuwa shamba letu, na kule mbuga ilikokuwa nikaona vifusi na tanuri za matofali.

"Pale penye geti la bluu. Walipochimba msingi niliwaambia. Wakasema hawaoni kitu."

Nikaenda mpaka kwenye geti hilo. Mwaka huo mvua ilikuwa nzuri, lakini ndani ya ua ule palikuwa pamepigwa saruji yote, na mwanamke kijana alikuwa anafua, povu linatiririka kwenye mfereji mdogo mpaka nje. Akaniona nimesimama, akafuta mikono, akaja kwa ukarimu.

"Karibu, dada. Unatafuta chumba cha kupanga?"

"Hapana," nikamjibu. "Napita tu."